Mwanamke wa Karavani ya Nne

Sinywi pombe, na macho yangu bado yanatunga uzi kwenye sindano bila miwani. Naanza na hayo kwa sababu najua utakachoniuliza nikimaliza. Haya yalinipata mimi mwenyewe, sikusimuliwa.

Mimi ni fundi wa kushona, nina kibanda katika soko la Kibuye. Mwaka jana mama mmoja mwenye shamba kubwa kule Asembo Bay alinipa kazi. Tumwite Mama Nereah. Shamba aliachiwa na marehemu mumewe, na chini ya miti, karibu na ziwa, ameweka karavani nne, zile nyumba ndogo za magurudumu zinazovutwa na gari. Wageni hulala humo wikendi. Alitaka zishonewe mapazia mapya. Nikabeba cherehani yangu, nikapewa karavani ya kwanza nilale humo kuanzia Jumanne mpaka Alhamisi. Zile tatu zilikuwa tupu, na funguo zake nilikuwa nazo mimi.

Kuna jambo lazima ulijue kwanza. Mke wangu, Atieno, alikuwa amefariki miaka miwili kabla ya hapo. Alikuwa amelazwa hospitalini, na jioni moja akaniambia anahisi baridi. Nikaenda nyumbani kumletea blanketi. Niliporudi, shuka lilikuwa limemfunika hadi juu. Muuguzi aliyekuwa naye alikuwa mgeni huku kwetu. Akaniambia, "Alisema kitu, baba, lakini alisema kwa Kijaluo. Sikuelewa. Pole sana."

Unaweza kuishi na jambo kama hilo? Mimi nilijaribu. Nilikuwa nikilala nakisia maneno hayo. Labda aliniita. Labda alitaka maji tu.

Basi siku ya pili pale shambani, jua likielekea kuzama, nilikuwa nimekaa mlangoni nikipinda pazia kwa mkono. Mwanamke akatoka karavani ya nne. Niamini, mlango ule niliufunga mwenyewe mchana. Alikuwa mrefu, na uso wake sikuwahi kuuona. Nikadhani ni mgeni wa Mama Nereah.

"Fundi, pindo la rinda langu limefumuka. Utanisaidia?"

"Simama hapo nione."

Akapanda kwenye ngazi yangu. Pindo lilikuwa limelowa. Nikalikamua, nikaanza kushona, lakini maji yakazidi kunidondokea magotini. Nikajiambia alikuwa akifua.

"Na nyumbani nani anakupikia?" akauliza.

"Najipikia."

Akacheka. Ndugu yangu, sindano ilinichoma kidole. Kicheko hicho nilikijua. Kilianzia puani, kikakatika, kikaanza tena, kama mtu anayejizuia kanisani. Ni mtu mmoja tu aliyekuwa akicheka hivyo.

"Bado unaunguza ugali, Wuon Akoth?"

Wuon Akoth ni baba yake Akoth. Akoth ni binti yetu, na ni Atieno aliyekuwa akiniita hivyo. Kwa Mama Nereah nilikuwa Fundi tu. Nikainua macho. Uso ulikuwa wa mgeni, lakini sauti ilikuwa ya Atieno, hata mikwaruzo yake.

Ungefanya nini? Wengi husema wangekimbia. Mimi nilimwambia akae.

Tukazungumza. Alikijua chumba chetu cha kwanza na mahali paa lilipovuja juu ya kitanda. Alijua kwamba nililia Akoth alipozaliwa, nikasingizia moshi. Alijua hata rangi ya lile blanketi. Sikuogopa. Nilikuwa kama mtu aliyeshinda njaa siku nyingi, akawekewa sahani mbele yake.

Kisha akasimama. "Twende tukakae kwa maji."

Nikamfuata. Maji yakafika kwenye vifundo vya miguu, yakafika magotini. Mkono wake ulikuwa umeshika wangu, baridi, na ningekwenda. Nakuambia ukweli, ningekwenda. Lakini kwanza nilitaka kitu kimoja.

"Atieno, nilipokwenda kuchukua blanketi, ulisema nini?"

Akaendelea kutembea.

"Ulimwambia muuguzi maneno. Ulisema nini?"

Mdomo wake ukafunguka, ukafungwa. Hapo ndipo nilipoelewa. Yote aliyoniambia yalikuwa mambo niliyoyajua mimi. Alikuwa akichota kichwani mwangu na kunirudishia.

"Basi nidanganye," nikasema. Aibu yangu ni hiyo. Nilimwomba.

"Unataka niseme nini?" akauliza, kwa sauti ileile.

Nikautoa mkono wangu. Hakunishika. Nilirudi kinyumenyume, na nilipokanyaga nyasi, mbele yangu palikuwa na maji matupu.

Asubuhi nilimweleza Mama Nereah. Hakunicheka. Alisema mgeni mmoja kabla yangu alimwona mtoto wake aliyefariki, amekaa kwenye ngazi ya karavani hiyohiyo ya nne, na mgeni huyo akaondoka hata kabla ya chai.

"Mzee wangu sijamwona hata siku moja," akasema, "na mimi nalala hapa kila siku."

Sikujua kama alikuwa akinihurumia au akinionea wivu.

Tangu hapo nimepoteza kitu. Nikitaka kukumbuka kicheko cha mke wangu, nakisikia kikitoka kwenye uso wa yule mwanamke. Natazama picha ya Atieno ukutani, na mdomo wake umenyamaza kabisa. Nilimwomba Akoth aniigizie jinsi mama yake alivyocheka. Akajaribu, maskini, mara mbili, mara tatu. Sicho.

Kwa hivyo wewe uliyefiwa, mtu usiyemjua akianza kukusimulia maisha yako mwenyewe, usimpe nafasi ya kukaa. Ondoka ukiwa bado unamkumbuka mtu wako vizuri. Nami sitakuficha: shamba lipo, karavani zipo, na kuna Jumapili ambazo miguu hunivuta upande ule. Ukiniona stendi nimebeba mfuko, nikiulizia gari la Asembo, usinisalimie ukapita. Nirudishe nyumbani.