Mama, Unatumia Dawa?

Hasira yangu haijaisha na sitaki iishe. Anayeniambia nisahau yaliyopita, namwambia akalale.

Mama mkubwa, dada yake mama yangu, ndiye aliyenilea, kijijini upande wa kwenda Mbinga. Hana ng'ombe wa kutamba nao wala duka. Ana mibuni, basi. Mimi nina mgahawa mdogo hapa Songea mjini, na kahawa ninayopika ni yake. Siku moja wageni wawili walikunywa, wakaomba tena. Kumbe wanunuzi! Wanatafuta kahawa ya kilimo hai, moja kwa moja kutoka kwa mkulima, bila dalali, bila kemikali, kwa haki. Haki! Nikaruka kama mwendawazimu, nikawapeleka mwenyewe.

Mama mkubwa alikusanya majirani, kikundi kikaundwa barazani kwake, wakamchagua mwenyekiti. Mwanamke ambaye hata kanisani hukaa benchi la nyuma! Siku za kikao alianza kuvaa viatu vya Jumapili.

Kisha akaja mkaguzi wa kilimo hai. Mtanzania mwenzetu, tena mtu wa rika langu. Angekuwa mzungu ningemwonea huruma. Buti mpya, simu kubwa mkononi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Karibu."

Maswali yalikwenda vizuri mpaka akauliza, "Mama, unatumia dawa shambani?"

"Natumia, baba. Bila dawa wadudu si wangemaliza?"

Nilikuwa hapo hapo, nimeshika sahani ya viazi. Nilisikia, na sikusema kitu. Dawa ya mama mkubwa naijua tangu utoto: majivu, pilipili kichaa na mkojo wa ng'ombe wa jirani, ndoo inakaa nyuma ya jiko siku kadhaa mpaka jirani mwenyewe analalamika. Nilidhani kila mtu anaijua. Yule bwana akabonyeza simu yake, akala viazi vyetu, akaaga.

Majibu yalipokuja, kikundi kizima kilikuwa kimesimamishwa msimu ule. Sababu: mwenyekiti amekiri kutumia kemikali.

Jamani! Watu waliozoea kuomba chumvi kwake wakaanza kupita njia ya nyuma wasimsalimie. Uenyekiti wakamvua. Hakulia mbele ya mtu. Alinipigia simu akaniuliza tu, "Mwanangu, hiyo kemikali ndiyo nini? Mbona mimi sina?"

Nilikwenda kijijini, nikajaza dumu kutoka kwenye ile ndoo, nikarudi nalo Songea huku abiria wakinilaani njia nzima. Nikalitua juu ya meza ya yule mkaguzi ofisini kwake, nikafungua mfuniko.

"Nusa! Kemikali yenyewe ndiyo hii!"

Akaziba pua. Nilimlazimisha anionyeshe fomu yake. Swali limeandikwa vizuri kabisa: viuatilifu vya viwandani. Yeye kwa uvivu wake akafupisha.

"Dada yangu, dawa si ni dawa?" akasema. "Halafu mfumo umeshafungwa. Subirini ukaguzi wa mwakani."

Nilimtukana. Sitaandika nilichosema, maana mama mkubwa anaweza kusomewa haya.

Nilipotoka nje nikampigia simu mama mkubwa. "Mwakani wakija, wakikuuliza dawa, wewe sema hutumii. Basi! Umenisikia?"

"Nimekusikia, mwanangu."

Nikakata simu, nikajiona mjanja.

Mwaka uliofuata akarudi yule yule. Nilifunga mgahawa nikaenda kumlinda mama mkubwa.

"Mama, unatumia dawa shambani?"

"Situmii, baba. Hata tone."

Alisema kama mtu anayeapa. Mkaguzi akanitupia jicho, akatabasamu, akabonyeza. Amepita. Nilitaka kupiga vigelegele pale pale, na wale majirani wa njia ya nyuma wanisikie.

Tukaingia shambani. Nikashika tawi la kwanza: matunda yametobolewa. La pili: yametobolewa. Nikaminya tunda moja vidoleni, likatoka unga mweusi na kijidudu. Tukatembea mpaka mwisho wa shamba na kote ni hivyo hivyo. Kikundi kitauza, na jina lake limerudi kwenye orodha, lakini yeye mwenyewe hana hata kikapu cha kupeleka.

Mkaguzi akavua kofia. "Lakini mama," akasema taratibu, "ile dawa yako ya majivu inaruhusiwa. Kwa nini hukuweka?"

Mama mkubwa alimwacha hapo. Alinigeukia mimi.

"Si uliniambia niseme situmii? Mimi uongo siuwezi, mwanangu. Ile ndoo niliimwaga siku ile ile."