Bodi Iliyopumzika

Daftari langu la fizikia la kidato cha kwanza bado ninalo. Jalada limeliwa na mende, na ukurasa wa kanuni ya kwanza ya mwendo una doa la mafuta ya vitumbua ambalo nitalieleza. Nimelifungua leo ili nisije nikamsingizia mtu. Kumbukumbu yangu siiamini sana: miaka yote imekuwa ikiniambia kwamba mwalimu wetu alikuwa mrefu, na juzi nilipokutana naye nikaona tunalingana mabega.

Nilikuwa navuka kila asubuhi kutoka Kisiwani kwenda shule ya sekondari ya ng'ambo, Masoko. Shule ya msingi tulisoma kwa Kiswahili miaka saba, na tulipofika sekondari tukakuta masomo yote yamegeuka Kiingereza, isipokuwa Kiswahili chenyewe. Aliyesikika akisema Kiswahili alivalishwa kibao shingoni, naye alitembea nacho mpaka amsikie mwenzake akisema, amrithishe. Nia ya kibao ilikuwa tuongee Kiingereza. Kwa upande wangu kilinifundisha kunyamaza, jambo ambalo nyumbani walilifurahia, kwa hiyo siwezi kusema hakikuwa na faida.

Mwalimu wa fizikia tulimwita ticha. Alikuwa kijana wa milimani, Mmatumbi, aliyekuwa anajitolea huku akisubiri ajira. Mkuu wa shule alimwahidi kwamba wakaguzi wakija wakaridhika na kipindi chake, atamwandikia barua ya kumwombea abaki pale pale. Tulilijua hilo wote, maana mkuu alilisema karibu na dirisha letu, na sauti yake haikuwa ya siri. Basi tangu siku hiyo darasa zima tukawa tunawasubiri wakaguzi kama vile ajira ni yetu.

Kanuni ya kwanza ticha aliiandika ubaoni kwa Kiingereza, tukainakili, tukaiimba. Mimi nilikuwa hodari wa kukariri. Madrasa ilinizoesha kuhifadhi kwanza, maana yake nitaelezwa baadaye. Tofauti ni kwamba madrasa baadaye nilielezwa kweli.

Kwenye fizikia maana nilijitafutia mwenyewe. Kulikuwa na neno bodi, na bodi nilikuwa naijua: bodi ya shule, wazee waliokuja kwa vikao na kupewa soda. Kulikuwa na resti, yaani mapumziko, ile saa nne ya chai. Kulikuwa na yunifomu, sare. Streti laini ni mstari ulionyooka, na mstarini tulikuwa tunasimama kila asubuhi kukaguliwa kucha. Mwishoni kabisa kulikuwa na fosi, nguvu. Nikaunganisha: bodi ya shule itabaki mapumzikoni, au itatembea na sare kwenye mstari ulionyooka, mpaka ilazimishwe na nguvu ya kutoka nje.

Sikuona kosa lolote. Nyuma ya darasa letu kulikuwa na jengo la maabara lisilo na paa tangu kaka yangu anasoma pale, na kila tukiuliza tunaambiwa jambo liko kwenye bodi. Kilichonishangaza ni jinsi Mzungu wa zamani aliyeitunga kanuni alivyoijua bodi yetu. Suala la wazee wale kutembea na sare lilinitatiza kidogo, lakini nikajiambia huenda ni siku za sherehe.

Jirani yangu wa dawati, binti kutoka Pande, alikuwa na maana yake. Kwake bodi ni mwili, na mwili uliopumzika ni maiti. Aliamini kanuni inasema aliyekufa amekufa, hainuki mtu mpaka siku ya siku. Tulibishana mara moja tu, kwa kunong'ona, kwa kuogopa kibao. Yeye aliniona mjinga na mimi nilimwona mjinga. Nikipima kwa haki, wa kwake ulikuwa ujinga wenye heshima zaidi. Kumuuliza ticha ilibidi kwa Kiingereza, na kama tungekuwa na Kiingereza cha kuulizia tusingekuwa na haja ya kuuliza.

Mkaguzi alikuja, daftari linasema, siku ya Alhamisi. Alikuwa mtu wa makamo, mpole, miwani ameipandisha kwenye paji la uso. Akakaa nyuma na mkuu. Ticha alikuwa amepiga pasi shati mpaka mikunjo inasimama. Alinichagua mimi niseme kanuni ya kwanza, kwa kuwa sikuwahi kukosea hata neno moja, na siku hiyo pia sikukosea. Mkaguzi akapiga makofi kidogo. Kisha akasema, kwa Kiswahili safi, "Vizuri sana binti. Sasa nipe maana yake kwa lugha ya nyumbani."

Nikampa. Nilimpa yote, na wazee, na sare, na mstari. Sikutaka kumpunguzia.

Mkuu alikohoa. Mkaguzi akashusha miwani. "Bodi ya shule?"

"Ndiyo, shikamoo," nikasema, kwa woga.

"Marahaba," akajibu, halafu akamgeukia ticha.

Hapa ndipo ninapojiuliza mpaka leo. Ticha angeweza kusema kwamba binti huyu ni mzito, angeaminiwa, na sidhani kama ningemlaumu. Alitazama karatasi iliyobandikwa mlangoni inayosema darasani ni Kiingereza tu. Alimtazama mkuu. Halafu akaiweka chaki mezani na kusema kwa Kiswahili chenye milima yote ya kwao, "Kosa langu mimi. Wangapi hapa wanavuka na boti?"

Tukanyoosha mikono karibu nusu ya darasa.

"Nahodha anazima injini wapi?"

Tukamwambia anazima mbali na mchanga, mapema, kubana mafuta.

"Boti inasimama hapo hapo?"

"Haisimami. Inakwenda tu."

"Nani anaisukuma?"

Mvulana wa mbele akasema, "Mwenyezi Mungu."

Mkaguzi akaitikia kwa kichwa. Ticha, ambaye ni Mkatoliki na alijua yuko wapi, naye akaitikia. "Hapo hatubishani. Lakini mashine, mtu, upepo, kasia?"

"Hakuna."

"Basi hakuna anayeisukuma, nayo inakwenda. Maji ndiyo yanayoichelewesha. Yasingekuwepo, ingekwenda vile vile, mwendo ule ule, moja kwa moja. Sasa ikigusa mchanga, nyie mnafanyaje?"

"Tunaanguka mbele."

"Nani kawasukuma?"

Hilo nilikuwa na jibu lake, nikalitoa bila kuitwa. "Mama wa vitumbua, aliyekaa nyuma yangu."

Darasa likacheka. Hata mkuu, nadhani, ingawa huenda alikuwa anakohoa tena. Ticha hakucheka. Alisema hakuna aliyenisukuma. Boti ilisimama, mimi nikaendelea. Mwili wangu ulikuwa kwenye mwendo wake na haukuwa na habari kwamba safari imekwisha. Bodi ndiyo hiyo, akasema: wewe, boti, ndoo, jiwe, kitu chochote.

Nikaelewa. Sijui niandike vipi jambo hilo bila kujikweza, maana lilikuwa dogo, na mvulana wa mbele baadaye alidai alielewa kabla yangu. Mwenye kibao siku hiyo alikuwa amekaa karibu na mlango. Nilimwona akimwangalia ticha, kisha mkaguzi, kibao kakishika mkononi, hajui kati ya wawili hao amvalishe nani.

Jioni ile nilikwenda kumtaka radhi mama wa vitumbua. Wiki chache nyuma boti ilipogusa mchanga niliangukia kwenye beseni lake alilokuwa ameliweka mbele yangu, daftari likalowa mafuta, na nikamwambia mbele ya watu kwamba amenisukuma. Nilimweleza kwamba sasa nimesoma, nimejua hakunisukuma, ilikuwa ni mwendo wangu mwenyewe. Akanisikiliza huku akigeuza vitumbua.

"Mimi nilikusukuma, mwanangu," akasema. "Ulikuwa umenikalia kanga."

Sikumwambia ticha. Alikuwa na yake.

Maoni ya mkaguzi tulisomewa na mkuu wa shule mstarini. Yalisema mwalimu analifahamu somo vizuri na wanafunzi wanamfuatilia, ila hatumii lugha iliyowekwa ya kufundishia. Barua haikuandikwa. Siwezi kuapa kwamba ni kwa sababu ya jibu langu. Mkuu hakuwa mtu mbaya, na mwezi ule ule aliletewa mwalimu wa kuajiriwa, kwa hiyo huenda barua isingeandikwa hata kama ningekuwa na busara ya kusema sijui. Mkaguzi naye aliandika kweli tupu, ingawa aliyeanza Kiswahili ni yeye. Ticha aliondoka na begi moja. Alituaga kwa Kiingereza, tukaitikia kwa Kiingereza, na hakuna aliyevalishwa kibao.

Mtihani wa mwisho wa muhula aliusahihisha mwalimu mpya. Swali la kwanza lilikuwa kanuni ya kwanza ya mwendo. Safari hii nilikuwa najua maana, na maana ikaniharibia: nilianza kuandika maneno ya ubaoni, nikamkumbuka nahodha, nikaandika kwa Kiingereza changu kwamba boti ikizima injini haina sababu ya kusimama. Nikapata sifuri. Jirani yangu kutoka Pande aliandika sentensi nzima, hakuacha hata nukta, akapata alama zote. Nilimuuliza kama bado anaamini ni habari za maiti. Akasema ndiyo, kwani ni za nini. Alama zile alizistahili. Maneno yote yalikuwepo.

Fizikia niliiacha kidato cha pili kilipokwisha, na shule ikaniacha miaka miwili baadaye. Sasa nashona sare za wanafunzi, kazi ambayo ningeweza kuitafutia utani hapa, lakini nimechoka kuupindisha ule mstari.

Juzi nilikwenda Masoko kununua zipu. Kwenye kibanda cha kutengeneza simu alikuwepo ticha, ameinama juu ya kisimu kilichofunguliwa tumbo. Ajira yake haijatoka mpaka leo, akaniambia, na hakuonekana kumlaumu mtu. Nilimpa shikamoo, akaitikia. Nilitaka kumwomba msamaha, na nilikuwa nimeupanga, una mwanzo na mwisho. Akaniwahi.

"Bodi ya shule haijambo?"

Nilipita shuleni nikiwa njiani, kwa hiyo nilijibu nilichokiona. Maabara haina paa.

"Bado imepumzika, mwalimu."

Akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyesikia jibu sahihi, akarudi kwenye simu yake.