Njia ya Lupa Niliyoichora Miaka Miwili

Siku ninayoikumbuka kuliko zote za ujana wangu, mwanangu, ni ile aliyoingia mama chumbani mwangu, akabandua karatasi iliyokuwa ukutani, akaikunja mara nne. Lakini nikianzia hapo nitakuwa nimeishika habari kwa mkia.

Tulikuwa tukikaa Temeke, enzi za Mwingereza, vita vya pili vimekwisha si zamani. Baba alikuwa ametuacha kabla ya vita hivyo, mie nina miaka tisa, akaenda Lupa kuchimba dhahabu, huko bara, ng'ambo ya nchi kame. Siku hizo kila kijana aliiota Lupa. Wengi walirudi mikono mitupu. Baba hakurudi kabisa. Hakututupa, la. Barua zilikuja, akiandikiwa na mtu maana mwenyewe hakujua kusoma, na kila barua iliishia kwa kuniulizia mie, kama nimekuwa mrefu.

Nikakua, nikapata ukarani katika ghala moja mjini. Ndipo ikaja barua fupi kuliko zote. Baba alisema vumbi la mawe limemkaa kifuani, ila miguu bado anayo, basi mwanawe amfuate amrudishe nyumbani. Mama asingeweza kwenda, alikuwa akimuuguza bibi yangu asiyeinuka kitandani. Safari ilikuwa yangu.

Nilifurahi, nakwambia. Nikatafuta karatasi kubwa, nikaanza kuichora njia. Kila aliyewahi kufika huko nilimfuata nikamuuliza. Treni mpaka Itigi. Nikaandika Morogoro, Kilosa, Dodoma, Manyoni. Kutoka Itigi ni lori kwenda kusini, siku mbili tatu za miiba na mchanga, ambako ukikikosa kisima umepotea. Nikatia alama kila kisima. Nikachora vilima, na mashimo yaliyoachwa na Wazungu, mpaka kijito alichokaa baba. Jioni vijana wenzangu walikuja kunisikiliza. Niliisimulia nchi ile kama niliyezaliwa huko, na kweli yenyewe ni kwamba sikuwa nimewahi kuvuka Pugu.

Kupanga safari kuna utamu wake, mwanangu, na utamu huo hulevya.

Kila nilipokuwa tayari, palipungua jambo. Masika yameharibu barabara, nikangoja kiangazi. Kiangazi kikaja, nikaambiwa visima vimekauka, nikangoja mvua. Kisha nikataka viatu vipya vya ngozi, maana nilitaka baba anione nimekuwa mtu. Nikamwandikia kuwa najiandaa. Akajibu kuwa ananingoja. Nikamwandikia tena vilevile. Nafsi iliponisuta nilijituliza kwa methali, mwenda pole hajikwai, nikasahau kwamba wazee hao hao walisema chelewa chelewa utakuta mwana si wako.

Barua ya mwisho haikutaja kungoja. Iliuliza tu kama nimempita yeye kwa urefu. Mama aliposomewa maneno hayo ndipo alipoingia, akaibandua ile karatasi, akaketi ukingoni mwa kitanda.

"Umeichora njia mpaka mlangoni kwake," alisema. "Umebakisha nini?"

Nikaanza kumweleza habari za visima. Alinikatiza, tena kwa upole, na upole wake ndio ulioniumiza.

"Baba yako hakuomba ramani. Aliomba mtu."

Jumatatu iliyofuata nilipanda treni na viatu vyangu vya zamani. Baada ya Dodoma nchi ilikauka mpaka nikahisi kiu kwa kuitazama tu. Itigi nikapata lori. Nusu ya visima nilivyovitia alama havikuwapo, na vilivyokuwapo dereva alivijua vyote, kama mtu anavyokijua chumba chake gizani. Miaka miwili ya karatasi haikunifaa kitu.

Lupa niliikuta imechoka. Mashimo kila upande, mengine yameota nyasi, mtambo wa kupondea mawe umeliwa na kutu, na watu wachache wakichekecha mchanga kwa karai kandoni mwa kijito. Nikaonyeshwa kibanda. Baba alikuwa amelala ubavu, mwembamba, nywele nyeupe. Nikamwamkia shikamoo.

"Simama wima," akasema.

Nikasimama. Akanitazama toka kichwani hadi miguuni, akatabasamu, kisha ndipo akaniambia marahaba.

Nilimwambia lori linaondoka keshokutwa. Akajaribu kuketi, pumzi ikamkatika. Alipotulia aliniuliza njia ikoje siku hizi, nami nikamsimulia joto, mchanga na lile lori. Alisikiliza kama mtu anayesimuliwa karamu.

"Njia hiyo," alisema, "mwaka jana ningeiweza."

Hakunilaumu, mwanangu. Heri angenilaumu.

Nilikaa naye siku kumi na saba. Alitaka habari za Temeke tu: nani kajenga, nani kaoa, nani tumemzika, na kama mama bado huimba akitwanga. Akafariki asubuhi moja, kichwa chake mapajani mwangu. Wachimbaji wenzake walinisaidia kumzika mlimani.

Niliporudi, mama aliniuliza mambo mawili tu, kama nilitambuliwa, na kama yeye aliuliziwa. Nikamwambia nilitambuliwa, na kwamba yeye aliuliziwa kila siku. Akajifunika uso kwa kanga.

Leo mie mzee, na kaburi lile nalitamani kama mtoto anavyomtamani mzazi aliyekwenda mbali. Magoti hayanibebi tena.

Basi sikiliza. Kujiandaa ni jema. Haingii mtu nchi kame bila maji. Lakini yuko anayekungoja mahali, na anayengoja huwa anapungua kila siku, wewe huoni. Akikuita, chukua maji na chakula, uende. Viatu utavinunua ukirudi. Usimpelekee neno la kwamba unajiandaa. Mpelekee uso wako.

Siku hiyo nenda, mwanangu. Mola akulainishie njia, akupe wenyeji wema, na akufikishe mlangoni kwa anayekungoja ungali ukiuliziwa.