Mistari Mitupu ya Mzee Riedel

Mtu akianza kuandika wakati mimi naongea, mimi hunyamaza. Sikufundishwa na yeyote, ndivyo nilivyo. Kwa hiyo si ajabu kwamba Volkmar Riedel na mimi tulianza vibaya. Siku ya kwanza nilipoingia nyumbani kwake kumwogesha na kumpikia, kila mmoja wetu alikuwa na kalamu mkononi.

Yangu ilikuwa ya kazi. Sisi tunaohudumia wazee majumbani hapa Birmingham tuna kitabu kinachokaa katika nyumba ya kila mzee, na kila tukiingia tunaandika: saa ngapi, amekula nini, amekunywa maji kiasi gani, amekwenda choo au hakwenda, amechangamka au amenuna. Ofisi inasoma. Wa zamu inayofuata anasoma. Usipoandika, ni kama hukufika.

Yake sikujua ni ya nini. Alikuwa mzee wa miaka sabini na minane, mrefu, nyonga imevunjika ikaungwa kwa chuma, ameketi jikoni karibu na dirisha, pale Handsworth, nyuma kidogo ya Soho Road. Mbele yake zilikuwa karatasi kubwa zenye mistari mitano mitano. Nikifungua bomba, anaandika. Nikiburuta kiti, anaandika. Nikisimama tuli, kalamu nayo inasimama.

"Unaandika nini?" nilimuuliza.

"Na wewe unaandika nini?" akanijibu.

Nikamwambia kitabu changu ni agizo la ofisi. Akasema basi nimsomee. Tangu siku hiyo, kila asubuhi kabla sijaondoka, ilibidi nimsomee kwa sauti nilichoandika, neno kwa neno, naye amefumba macho kama hakimu. Nikisoma "amekula nusu ya mkate," anasema, "Robo tatu." Mara mbili nilikikuta kile kitabu ndani ya oveni. Mara moja kilikuwa chini ya kifuniko cha piano. Mimi nikasema moyoni, mtu anayeogopa kuandikwa lazima ana jambo anaficha.

Habari zake nilizikusanya nikipangusa vumbi, maana mwenyewe hakunipa hata moja. Alizaliwa Ujerumani Mashariki, ile ya zamani, katika mji mdogo karibu na mpaka wa Poland, na baba yake alikuwa akitengeneza vinanda vya makanisa. Picha ya baba huyo ilikuwa juu ya rafu, mwanamume mwenye masharubu amekumbatia bomba la kinanda refu kuliko yeye. Mtoto wake, ndiye huyu mzee wangu, akasomea utunzi wa muziki. Ukuta wa Berlin ulipoanguka, alikutana na muuguzi aitwaye Fiona, mzaliwa wa papa hapa Handsworth, akamfuata, wakaoana, akafundisha utunzi katika chuo kimoja cha mjini kwa karibu miaka thelathini. Fiona alikuwa amekufa miaka sita kabla sijafika, lakini koti lake la mvua lilikuwa bado linaning'inia mlangoni na hakuna aliyeruhusiwa kuligusa.

Kazi zake zilijaza kabati zima. Nilisoma majalada. Kulikuwa na kipande cha tarumbeta moja na cherehani nane, kilichopigwa katika ukumbi fulani wa mtaa wa Lozells na mafundi cherehani wenyewe. Kingine kilikuwa cha watoto wa shule na vifuniko vya sufuria. Mimi nimekulia kwenye kwaya, najua muziki ni nini, na nikajiuliza huyu mtu alikuwa akifundisha nini hasa.

Kila Alhamisi nilimwona akifundisha. Mwanafunzi wake wa mwisho alikuwa Minal, msichana wa Kigujarati ambaye bibi yake alizaliwa Kisumu. Kiswahili anakielewa, ila anajibu kwa Kiingereza. Anaingia, anaketi, na kwa dakika kumi nzima hakuna anayegusa piano wala kufungua mdomo. Halafu mzee anamwambia, "Sema ulichosikia." Minal anataja: basi, friji, kunguru, Kemunto, yaani mimi, anamenya viazi, Kemunto ameacha kumenya viazi. Nilitaka kumrushia hicho kiazi.

Nilimsimulia Dative, Mkongomani wa Bukavu ninayekaa naye nyumba moja kule Newtown. Aliweka chini kikombe chake, akaniita dada kwa Kifaransa chao.

"Ule muzee iko natafuta kitu, ma sœur. Mutu hawezi kukaa anasikiliza mwenzake bure. Chunga."

Na mimi nilikuwa na kitu cha kutafutwa.

Mama yangu alikuwa na wimbo wake. Nasema wake kwa sababu aliutunga mwenyewe, kwetu Nyamira, Kenya, akichuma pareto, na mimi kitinda mimba nikiwa mgongoni. Unataja watoto wake sita kwa mpangilio wa kuzaliwa, kila mmoja na kituko chake, mpaka unafika kwangu, na baada ya jina langu maneno yanaisha. Kinachobaki ni sauti tu, fungu refu lisilo na neno, linaloshuka taratibu kama mtu anayerudi nyumbani na kikapu kimejaa. Dada zangu, wote wakubwa kwangu kwa miaka mingi, walikuwa shule za bweni, hawaujui. Mama alipokufa, karatasi zangu za kuishi hapa zilikuwa bado mezani kwa watu, sikuweza kusafiri. Niliangalia mazishi kwenye simu, na simu yenyewe ikakata kabla ya udongo. Kwa hiyo wimbo ule ndio urithi nilioupata. Sikuwahi kukaa chini nikauimba kwa kufikiri. Ulikuwa ukitoka wenyewe mikono ikiwa kazini, na mahali ulipopenda kutoka ni jikoni kwa Mzee Riedel, labda kwa sababu ya ule ukimya wake.

Sasa angalia alivyofanya. Nikianza kuimba, yule mzee anayeandika hata mlio wa kijiko anaweka kalamu chini. Anageukia dirisha. Kidole chake kinapiga meza polepole, ta, ta, ta, mpaka nimalize. Ndipo anaishika kalamu tena. Niliona kabisa: anaukariri, ili auandike nikishaondoka.

Asubuhi moja ya Novemba, akiwa bado chumbani, nikaitazama ile karatasi. Mimi nasoma do-re-mi za kwaya, zile za herufi. Zile nota zake za vichwa na mikia sizijui. Lakini jina langu nalijua. KEMUNTO, herufi kubwa, katikati ya ukurasa, na maneno ya Kijerumani kando yake yenye mwandiko ambao simu yangu ilijaribu kuusoma ikashindwa. Nilipiga picha. Jumapili, baada ya ibada, nikampelekea Arnold, mwalimu wa kwaya yetu, aliyesomea muziki kule Kenya.

"Hii kitu ni weird, Kemu," Arnold alisema huku akiivuta picha ili ikue. "Hapa juu kuna notes mingi, fupi fupi. Halafu hapa kwa jina lako, bars kumi na nane, zote empty."

Bars ni vile vipimo ambavyo muziki hukatwakatwa, nilijua hilo.

"Empty namna gani?"

"Hakuna kitu. Amepima nafasi, akaiacha. Ni kama mtu amechimba msingi na sasa anangoja mawe."

 Mawe yenyewe ni mama yangu! Kesho kutwa nitasikia wimbo wake redioni, umevalishwa suti, na chini yake jina la Mjerumani. Nikaapa kwamba kipimo hata kimoja hakitajazwa na mdomo wangu.

Tangu wiki hiyo sikuimba tena. Niliingia na visikilizio masikioni, mahubiri yakinguruma, nikapiga deki, nikaandika kitabu, nikamsomea, nikaondoka. Hata kwangu sikuimba, kwa hofu tu ya kuzoea. Desemba aliniuliza mbona niko kimya siku hizi.

"Nina mafua," nikasema.

 Hakuuliza tena. Mafua yangu yalidumu mpaka Machi, na niliona fahari kila siku iliyopita.

Machi Minal akaniletea kadi. Jumamosi mchana, katika ukumbi wa kanisa Lozells, kipande kipya cha Volkmar Riedel. Nilimchukua Arnold awe shahidi. Simu niliichaji usiku kucha ili nirekodi ushahidi. Mpango wangu ulikuwa rahisi: akithubutu kuupiga, nasimama palepale, mbele ya wazungu wake wote, naanza kuuimba wenyewe.

Watu hawakufika hamsini. Mzee alikuwa mbele kwenye kiti cha magurudumu, amevaa shati nililompigia pasi mwenyewe. Wapigaji walikuwa sita na Minal akiwaongoza kwa mkono. Mlio wa kwanza ulikuwa chuma, taki, nikaujua: ni kile kisanduku cha ufunguo nje ya mlango wake nikikifungua saa moja unusu asubuhi. Likafuata birika. Zikafuata ndala zangu. Kiti kikaburutwa, na fidla moja ikakwaruza kama kalamu yangu ya ofisi, mpaka watu wakacheka, na mimi nikacheka, halafu nikakasirika kwa kucheka.

Kisha Minal akainua mkono, na wote wakanyamaza.

Nilijua tumefika. Niliwasha simu. Nilingoja fidla ianze wizi wake. Hakuna aliyepiga. Wapigaji walishusha vyombo mapajani wakakaa kama watu walio msibani, na mkono wa Minal ukaendelea kuhesabu hewani, polepole, bila sauti. Na ndani yangu, bila kupenda, wimbo ukaanza. Miezi minne nimeufungia, lakini ulisimama sawasawa juu ya ule mkono. Kifungua mimba akaingia kwenye kipimo chake, wa pili kwenye chake, mpaka jina langu, nalo likaangukia pale mkono uliposhuka. Basi nikafika mwisho wa maneno, nikangoja lile fungu la kushuka lije.

Halikuja.

Nilirudi nyuma kwenye jina langu, nikaingia tena kwa kasi. Hakuna. Nilitafuta kama mtu anayepapasa mfukoni akijua kabisa aliziweka funguo hapo. Mkono wa Minal bado ulikuwa ukihesabu. Vipimo sita, nilivihesabu, sita vizima vya kitu nilichokuwa nacho Novemba na sasa sina. Halafu kile kisanduku kikalia taki, na birika likachemka.

Arnold alikuwa amefungua kadi anasoma. Akaninong'oneza kile kilichoandikwa: "Hapa Kemunto anaimba. Wimbo ni wake na haukuandikwa. Wapigaji wanangoja mpaka amalize."

"Kemu," akasema, "huyu mzee hajaiba kitu, aki."

"Najua," nikamjibu. Nilikuwa nalia. Yeye alidhani ni furaha.

Jumatatu sikuvua hata koti. Mzee alikuwa mezani.

"Uliusikia wimbo wangu," nikamwambia. "Kuanzia Septemba mpaka Novemba, kila siku. Lazima kuna mahali uliuandika, kwa siri, mahali popote. Nionyeshe. Sitakukasirikia."

"Sikuuandika."

"Tafadhali, mzee, sema uliuiba."

Ndipo aliponisimulia, kwa mara ya kwanza na ya mwisho. Serikali yake ya zamani ilipoanguka, watu waliruhusiwa kusoma mafaili waliyofunguliwa na askari wa siri. Ndani ya lake alikuta karatasi ya nota. Ulikuwa muziki aliokuwa akiupiga mluzi jikoni kwake akiosha vyombo. Rafiki yake wa chuo, aliyekuwa akija kula kwake kila Jumapili, aliuandika na kuupeleka pamoja na majina ya wageni.

"Aliuandika vizuri sana," alisema. "Hata pale nilipokosea. Tangu siku hiyo nimeandika kila mlio ninaousikia, lakini mtu akiimba akidhani yuko peke yake, kalamu yangu iko chini."

"Basi ukumbuke. Uliusikia!"

"Nilikuwa nahesabu. Nilihesabu ili nisiusikie."

Nilimkasirikia siku hiyo kuliko miezi yote aliyokuwa mwizi wangu. Mtu mmoja tu duniani alikaa karibu na wimbo wa mama yangu, mwenye masikio ya kusikia hadi friji, na adabu yake ikamziba. Nami nilijiziba mwenyewe. Nilimwambia hilo la kwanza kwa ukali, na hili la pili nikashindwa kulisema. Akanisogezea kiti, kile kinachokwaruza.

Sasa ndivyo tunavyofanya kila asubuhi. Namwogesha, nampikia mayai, naosha vyombo nikiwa nimempa mgongo, na naimba mpaka kwenye jina langu. Nikinyamaza, kidole chake kinaendelea juu ya meza, ta, ta, ta, vipimo sita, nami mikono iko ndani ya maji. Halafu nafungua kitabu, naandika, namsomea. Leo nimemsomea hivi: "Saa mbili na robo. Amekula mayai yote mawili. Tumengoja. Haujaja." Mzee amefumba macho, amesikiliza, na hakusahihisha neno.