Mji wa Viatu

Harufu ya dawa ya viatu haijapata kuniacha tangu utotoni. Mwaka jana, kwenye kiwanja cha ndege cha Dallas, nilimpita mzee mmoja akisugua viatu vya abiria aliyezama kwenye simu yake, nikasimama ghafla hata binti yangu Neema akanigonga na sanduku kwa nyuma. "Mama, twende, watafunga geti!" Mimi nimesimama tu. Miguu ilikuwa Dallas lakini pua ilikwisha fika Muheza, kwenye kambi ya mkonge, masika ile aliporudi baba kutoka Ulaya. Shule mimi niliishia darasa la nne, kwa hiyo mniwie radhi nikizunguka, nitafika.

Baba yangu alikuwa mpishi wa meneja wa shamba, Mskoti mwenye masharubu mekundu kama mswaki wa kutu. Meneja alipokwenda kwao kwa likizo ndefu, mkewe alisema tumbo lake limekwisha kuzoea mkono wa baba na halitaki mkono mwingine. Basi baba akapakiwa melini pamoja na makreti ya vyombo. Mji aliopelekwa ni Edinburgh. Yeye aliuita Edimbara, nasi tukauita hivyohivyo. Akakaa huko msimu mzima wa baridi, mama huku nyuma akilima mihogo na kutudanganya kwamba baba karibu anafika. Alirudi mvua zikianza, amekonda, amevaa koti zito ambalo kwa joto la Muheza lilikuwa adhabu, na zawadi aliyotuletea ni kopo moja la dawa ya viatu. Nyumbani kwetu mwenye viatu alikuwa yeye peke yake. Mama alilifungua kopo, akanusa, akauliza, "Sasa hii tujipake miguuni?" Kisha akaliweka juu ya kabati, likakaa miaka. Kila siku ya mvua, hewa ikiwa nzito, lilinuka nyumba nzima.

Kambini kwetu, aliyetoka safari alikuwa hana ruhusa ya kunyamaza. Jioni anatolewa kiti uani, watu wanakuja na vigoda vyao, mwingine na chungu cha maharage, naye analazimika kuwapa safari yao. Nasema safari yao kwa sababu ndivyo walivyoona: ukienda mbali, umekwenda kwa niaba ya wote. Hata mtu aliyekwenda Tanga kung'olewa jino alikalishwa kitini akasimulia, na lile pengo tukalichungulia mmoja mmoja. Sembuse Ulaya! Uani siku hiyo hapakuwa na pa kuweka mguu. Baba akakohoa, akatazama mikono yake, akaanza. Alisema Edimbara ni mji wa viatu. Alfajiri vinapita vya vibarua, vizito, vina misumari chini, unavisikia kabla hujaviona. Baadaye vinakuja vya wanawake, vyembamba kama mdomo wa korongo. Jumapili vyote vinang'aa na vinakwenda polepole. Mvua ikinyesha, vinakimbia vikirusha maji mpaka kwenye kioo. Na saa saba mchana, kila siku isipokuwa Jumapili, unapigwa mzinga mmoja, puu! Vita hakuna. Viatu vinaendelea na safari yake kana kwamba hakuna kitu.

Alikuwapo Masanja, Mnyamwezi, mkata mkonge, mtani wa baba, na mtani hana kizuizi, hata msibani anaweza kulala kaburini akadai atoke kwa kulipwa. Akasimama na kigoda chake mkononi.

"We Mbondei! Umevuka bahari yote ile kwenda kuchungulia miguu ya watu? Na nyuso je, hawana?"

"Nyuso wanazo," baba akajibu, "ila ziko juu."

Uani pakalipuka kwa kicheko. Baba alicheka kuliko wote, akijipiga paja. Mama peke yake hakucheka. Aliinuka akaanza kukusanya sahani, watu bado wanakula, akasema, "Mtoka safari huambiwa pole. Yatosha." Sikumwelewa. Mimi niliona baba ameona ajabu ambayo wengine hawakujaliwa. Tukatunga mchezo: mmoja analala chini ya kitanda, hiyo ndiyo Ulaya, wengine wanapita wamejifunga vifuu vya nazi miguuni, na mdogo wetu anapiga debe, puu! Nami chini pale niliapa kwamba nikikua nitakwenda kuuona mji wa baba kwa macho yangu, ili Masanja akome. Masanja hakukoma. Baba akaitwa Mzee Viatu mpaka anazeeka, na siku tunamzika nilimsikia mtu kando ya kaburi akimuuliza mwenziwe, "Ni yule aliyekwenda Ulaya akaona viatu?" Wakacheka kwa pua, kwa heshima ya marehemu.

Kiapo kile nilikuja nacho mpaka huku Amerika, Euless, kando ya kiwanja kile cha Dallas, ambako Neema ni nesi wa zamu. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Jembe langu mimi lilikuwa mjukuu. Nimemlea Eliza tangu ananyonya chupa mpaka sasa ananijibu kwa Kiingereza bila kuinua macho. Ndege zinapita juu ya paa letu mchana kutwa, nami kila moja nikiiuliza moyoni, wewe waenda Edimbara? Neema akachoka kunisikia. Akasema, "Sawa mama, nime-book. Alhamisi mpaka Jumatatu, Eliza atabaki na baba yake. Ukauone huo mji roho itulie." Nilishona gauni jipya. Nilisema, nitatazama kila alichotazama baba, kisha nitasimulia nyumbani vizuri, na nyuso zake.

Tulifika Ijumaa usiku, mvua, teksi, ngazi za mawe za kushuka chini ya usawa wa barabara. Nililala kama gogo. Asubuhi nikavuta pazia la jikoni, na juu ya kichwa changu, nyuma ya nondo nyeusi, vikapita viatu. Vizito kwanza. Kisha vyembamba kama mdomo wa korongo. Nikavuta kiti nikakaa.

Neema alikuja akidhani nimechukizwa na chumba. "Samahani mama, kwenye picha hawakuonyesha kama ni chini hivi. Niwapigie watuhamishe?" Mwenye nyumba, mama mmoja mchangamfu, alipoleta taulo alitueleza kwa fahari, Neema akinitafsiria, kwamba nyumba zote za mtaa ule zimejengwa vile: mabwana juu, jiko na watumishi chini, na hapa tulipo ndipo walipolala na kusugua viatu vya nyumba nzima. Alitabasamu. Nami nikatabasamu, ndiyo adabu. Sikutoka asubuhi ile. Saa saba mzinga ukalia, vioo vikatetemeka, viatu vikaendelea kupita. Nilikuwa nimekuja kuona alichokiona baba, na nilikiona chote bila kuinuka kitini.

Jioni Neema akanilazimisha kupanda. Ngazi chache tu, jamani! Nikageuza kichwa, na pale mwisho wa mtaa, juu ya jabali jeusi, imesimama ngome kubwa kuliko kambi yetu yote ya mkonge, ambamo ule mzinga unapigwa. Mwenye macho haambiwi tazama. Mtu akitembea mjini mle mchana, hata akitembea akilia, hawezi kuikosa. Baba hakuitaja hata siku moja. Neema akasema nisimame apige picha. Nilisimama. Kwenye picha ile nimefumba macho.

Mimi siku zile chache niliona mji ambao baba yangu alikaa msimu mzima asiuone, akarudi kwa watu waliokuwa wakimdai Ulaya yote, akawapa alichokuwa nacho. Na mama alijua tangu jioni ile alipokusanya sahani. Wenye kusema kuishi kwingi ni kuona mengi hawakuuliza dirisha liko wapi. Masanja alikwisha kufa zamani. Sina wa kumtukana.

Juma lililofuata mtoto wa mdogo wangu alipiga simu kutoka Muheza, akaiweka sauti ya juu, nikawasikia wamejaa uani. "Shangazi! Miaka yote hiyo Amerika hujatupa safari yetu. Hebu tupe, ikoje?" Neema alikuwa kazini na gari, Eliza shuleni. Chumba chetu ni cha chini, dirisha linatazama maegesho. Nikawaambia alfajiri yanaondoka magurudumu makubwa ya malori madogo, kisha ya manesi, na Jumapili yanaondoka yote, yameoshwa. Mmoja wao akapasua kicheko.

"Na watu je, shangazi? Hawana nyuso?"

"Wanazo, mwanangu," nikasema, "ila ziko ndani ya magari." Nami nikacheka kuliko wote.