Sauti ya Pili

Kile kidude cha muziki nilipewa na bosi wangu aliporudi kutoka masomoni Uhindini. Nilikuwa karani wa kuchapa katika ofisi moja ya serikali pale Dodoma, na bosi alinipenda kwa kuwa niliweza kusoma mwandiko wake, jambo ambalo wakati mwingine lilimshinda hata yeye mwenyewe. Kilikuwa na ukubwa wa kiberiti, rangi ya fedha, kinatumia betri moja nyembamba kama zile za rimoti. Siku hizo vitu vipya vilikuwa vinaingia madukani kila wiki, lakini kitu cha namna hiyo mtaani kwetu Chang'ombe hakuna aliyekuwa nacho.

Mume wangu alikuwa fundi redio. Alikigeuza huku na huku akitafuta mlango.

"Sasa kaseti inaingilia wapi?"

"Hakina kaseti. Muziki umo ndani."

"Ndani wapi?" akauliza, akakiweka sikioni kikiwa kimezimwa, kama anayesikiliza saa ya ukutani.

Kilibeba nyimbo thelathini tu. Kijana mmoja mwenye duka la steshenari na kompyuta ndiye aliyetujazia, na ugomvi wetu wa kwanza mzito katika ndoa ulikuwa juu ya nyimbo zipi ziingie. Mimi ni Mwislamu wa Tanga, nimekulia kwenye taarab. Yeye ni Mgogo wa Kongwa, mtoto wa kanisa. Mwishowe tuligawana nusu kwa nusu. Jioni tulikuwa tunakaa kizingitini, hedfoni moja sikioni kwake, nyingine kwangu, yeye akivumilia taarab yangu na mimi nikivumilia kwaya zake.

Katika nyimbo zake zilikuwamo nne za kwaya ya kanisa la kijijini kwao. Zilirekodiwa kwenye kaseti zamani, yeye akiwa bado shule. Mwalimu mmoja wa kike alikuwa anaongoza kwa sauti ya juu, na chini yake ikasikika sauti nyingine, nzito kidogo, isiyo na haraka. Hiyo ilikuwa ya mama yake.

Mama huyo hakuja kwenye ndoa yetu. Tulifunga bomani, kila mtu akabaki na dini yake. Hakututukana wala hakutulaani. Alituma salamu tu kwamba ameshikwa na palizi. Ilikuwa Agosti, na Kongwa nzima hakuna mtu anayepalilia Agosti.

Kwa hiyo sauti yake niliijua kabla sijamjua mwenyewe. Wimbo mmoja hasa ulinikaa. Kigogo nilikuwa sikijui, lakini niliushika wote kwa masikio, kama mtoto wa chuo cha Kurani anavyohifadhi sura kabla hajajua maana yake. Nilikuwa nauimba nikifua. Mume wangu alikuwa akinisikia anatabasamu na kuendelea kuchomelea nyaya zake.

Mimba yangu ya kwanza ilipofika mwezi wa saba, nikaanza kutokwa na damu. Nikalazwa. Daktari akaniambia nisishuke kitandani mpaka nijifungue, na wiki zikaanza kwenda, mimi nikitazama dari na kuhesabu mateke tumboni. Siku ya tatu au ya nne mume wangu alikuja na chupa ya uji, na ndani ya kikapu kile kidude.

"Sikiliza," akasema.

Kilikuwa kimejaa taarab. Si zile kumi na tano, thelathini nzima. Nyimbo za mama zangu wa Tanga, za harusi nilizohudhuria nikiwa binti mdogo, sijui alizipata wapi. Nilijifunika shuka mpaka kichwani nikalia, wenzangu wa wodini wakadhani uchungu umeanza. Nyimbo hizo zilinifikisha hadi mwisho. Mtoto alizaliwa salama, wa kike, mdogo kama sungura.

Tuliporudi nyumbani, arobaini ikapita. Jioni moja nikachukua kidude nimtafutie mume wangu wimbo wa mama yake. Nikabonyeza mbele, nyuma. Hakuna.

"Kwaya ziko wapi?"

Alikuwa ameinamia redio ya mtu. "Mashine ilisema imejaa," akajibu bila kuinua kichwa.

"Na kaseti?"

"Ilishatafunwa na redio siku nyingi."

"Na kwenye kompyuta ya yule kijana?"

"Alishafuta." Kisha akaniangalia. "Ulikuwa unalala peke yako pale, mama. Mimi sauti yake hata bila mashine naikumbuka."

Sikubishana naye. Lakini Jumamosi iliyofuata, yeye akiwa kazini, nilifuta taarab tano, nikambeba mtoto mgongoni, nikapanda basi la Kongwa. Bosi wangu alikuwa ameshanionyesha kwamba ukibana kitufe cha pembeni kwa muda, kile kidude kinanasa sauti.

Nilimkuta mama mkwe uani anapepeta uwele. Nikapiga magoti. "Shikamoo mama." Nikaongeza na salamu ya kwao niliyofundishwa, "Mbukwenyi."

"Marahaba." Akaendelea kupepeta. Nilibaki pale chini mpaka magoti yakauma. Mwishowe akasema, "Huyo mtoto anapigwa jua."

Akamchukua. Akamtazama masikio, vidole, nyayo. Nikaona nafasi yangu, nikamweleza yote: kaseti, wodi, nyimbo zilizofutwa.

"Alifuta sauti yangu ili wewe usikie zako?"

"Ndiyo, mama." Nilidhani ananifukuza.

"Baba yake angefanya hivyo hivyo," akasema. "Mjinga kama yeye."

Nikamwomba aniimbie. Akatikisa kichwa. "Peke yangu siwezi. Mimi ni sauti ya pili. Mwenye sauti ya kwanza alihamishiwa Singida, na ya pili bila ya kwanza ni kama kuguna tu."

Hata sasa sijui nilipata wapi ujasiri. Niliweka kidude juu ya kinu kilichofunikwa, nikabana kitufe, nikaanza kuimba. Sauti ya kwanza, ile ya mwalimu, kwa Kigogo nisichokielewa, mimi binti wa Tanga niliyejitanda mtandio. Mama mkwe, mtoto mapajani, akabaki ameshika ungo. Nilipofika ubeti wa pili akaingia chini yangu, taratibu, kama mtu anayekalia kiti chake cha siku zote.

Tuliimba mara tatu. Mara ya kwanza mtoto alilia. Mara ya pili mama mkwe alinikatiza: "Unatamka kama umeweka kaa la moto mdomoni. Sema tena." Akanifundisha neno moja moja, akanieleza maana yake, kwamba tunaomba mvua na uvumilivu wa kuingoja. Mara ya tatu tukamaliza bila kosa kubwa.

Kisha akanisongea ugali, na mlenda kando. Alinitazama nilivyokuwa nateleza na mlenda, akacheka kwa mara ya kwanza.

Nilifika nyumbani jua likizama. Mume wangu alikuwa barabarani ananitafuta, amekasirika. Nikamchomeka hedfoni zote mbili. Alisikiliza amesimama, mkono mmoja kwenye nguzo ya umeme. Aliposikia Kigogo changu alianza kucheka, halafu kicheko kikamkwama. Akachuchumaa palepale mbele ya majirani, akafunika uso. Nilisimama karibu yake na mtoto mpaka alipoweza kuinuka.

Baada ya mavuno, asubuhi moja, mama mwenye nyumba alinigongea. Nje kulikuwa na mwanamke mwenye gunia la karanga na kuku wawili waliofungwa miguu.

"Umemfuata fundi?" mama mwenye nyumba alikuwa akimwuliza. "Fundi ametoka."

"Sikumfuata fundi," mama mkwe akasema, huku akivua viatu mlangoni. "Nimekuja kwa mkamwana wangu."

Zikapita siku tisa. Tuligombana juu ya chumvi, juu ya nazi kwenye mboga, na juu ya namna ya kumfunga mtoto mgongoni. Siku ya kumi alikuwa amesema anaondoka, lakini akaamka akafua nepi, akazianika, akauliza mchana tunakula nini.