Mama Aliyeleta Mboga Mbichi Katikati ya Mji

Alhamisi iliyopita, saa nne asubuhi, nilikuta duka la kona limefungwa. Wasomaji wangu wanaokaa Makiso, katikati ya mji wetu, wanalijua. Wengine niwaambie tu kwamba ni duka kubwa la vyakula, liko chini ya jengo la ghorofa mbili kwenye barabara inayoshuka mtoni, na tangu lifunguliwe sikuwahi kulikuta limefungwa siku ya kazi. Wauza mboga wake walikuwa wameketi nje kwenye ukingo wa baraza, mabeseni yao yamefunikwa vitambaa, na hakuna aliyekuwa anauza. Mmoja aliniona nimesimama, akasema kwa sauti ya chini, “Papa, mama hayuko tena. Ameenda leo asubuhi.” Mwenye duka alikuwa ameugua wiki mbili tu. Tulimzika siku hiyohiyo baada ya sala ya alasiri, kwa desturi ya Waislamu, na sisi Wakristo tuliokwenda tulisimama nyuma tukavua kofia. Alikuwa mtu mzima, aliyeishi miaka mingi na kufanya alichotaka kufanya. Kwa hiyo nilirudi nyumbani na huzuni, lakini si ile ya kumlemea mtu.

Sikuwa ndugu yake, wala siwezi kudai nilikuwa rafiki yake. Tulifahamiana kwa sababu nilimkosea. Mnakumbuka katikati ya mji wetu palivyokuwa baada ya miaka ya uporaji na vita: milango ya chuma yenye kutu, miti midogo imeota kwenye roshani, maduka yamegeuzwa mabohari na mabohari yamegeuzwa makanisa. Kisha kazi ya ukarabati ikaanza. Majengo yalipakwa rangi, taa zikawekwa barabarani, ofisi zikarudi, hoteli mbili tatu zikafunguliwa, na watu wakaanza tena kukaa kwenye vyumba vya ghorofani. Chakula ndicho kilichochelewa. Alimentation tulikuwa nazo, yale maduka madogo ya maziwa ya unga, sardini, biskuti na mvinyo. Lakini aliyetaka fungu la sombe, yale majani ya muhogo, nyama, samaki wa mtoni na mkate wa siku hiyo alizunguka nusu ya mji kwa toleka, ameketi nyuma ya baiskeli na kapu mapajani, akifika nyumbani mboga zimeshalala. Ndipo tukasikia kwamba mwanamke mmoja, mstaafu wa hospitali, atafungua duka lenye vyote hivyo chini ya paa moja, katika jengo la mdogo wake.

Niliandika safu kulihusu kabla halijamaliza mwezi. Niliiona ni safu nzuri wakati ule, maana ilichekesha. Niliandika kwamba mji wetu wa Boyoma hauhitaji nyanya zinazolala kwenye baridi kama wagonjwa, kwamba duka lile ni la wageni wa mashirika na litakufa kabla mvua hazijakatika, na kwamba mwenyewe angefanya vyema kupumzika na pensheni yake. Sikuwa nimelikanyaga. Mke wangu aliisoma safu ile mezani, akalikunja gazeti, akachukua kapu akatoka. Aliporudi alikuwa na lenga-lenga, mchicha wetu, ambazo bado zilikuwa na umande. Alizipika, nami nikala.

Siku mbili baadaye yule mama mwenyewe alikuja ofisini kwetu. Alikuwa mfupi, mnene kidogo, amejifunga mtandio wa kijani, anatembea kama mtu aliyezoea korido ndefu. Alisalimia kila mtu chumbani, kisha akavuta kiti mbele ya meza yangu.

“Papa, ni weye iko naandika mambo ya duka yangu?”

“Ni mimi, mama.”

“Bon. Ulifika kule?”

Nilimwambia sijafika. Nilitarajia anigombeze, na nilikuwa nimeanza kutafuta maneno ya kujitetea. Yeye alitikisa kichwa taratibu, kama muuguzi aliyesikia mgonjwa akikiri kwamba hakumeza dawa.

“Alors, kuja kesho. Nitakupa kiti pale mulangoni. Ukae, uangalie batu. Kisha uandike tena vile unapenda, hata mabaya. Lakini uandike kitu uliona.”

Nilikwenda kwa aibu zaidi kuliko kwa udadisi. Alinipa kiti cha plastiki kando ya mlango na chai ya mchaichai, akaniacha. Asubuhi ile aliingia mzee mmoja, baharia mstaafu wa meli za mtoni, akanunua kilo ya maharagwe yaliyokuja kwa lori kupitia Bafwasende. Msichana wa mizani alipima, akafunga mfuko, akamkabidhi. Mzee hakuondoka. Alibaki ameunyoosha mkono, kiganja wazi.

“Papa, nini tena?” msichana aliuliza.

“Mbakisa yangu.”

Sokoni kwetu hakuna asiyejua mbakisa: lile konzi dogo ambalo muuzaji anaongeza juu ya kipimo ili mnunuzi ajue ameonekana. Msichana alimwonyesha mizani. “Papa, balance inasema kilo. Ni kilo juste.”

“Balance hainijue,” mzee alisema. Aliweka mfuko juu ya meza kwa upole, akatoka.

Nilitoa kalamu yangu, maana hapo nilikuwa nimepata nilichokuja kutafuta. Lakini mama alikuwa amesikia kutoka upande wa mikate. Alipita mbele yangu bila kunitazama, akashuka barazani, akamfuata mzee barabarani na ndala zake, akamwita tonton, yaani mjomba. Walisimama kwenye jua wakiongea. Sikusikia walichosema. Niliona tu kwamba mzee alicheka, kisha akarudi naye, na mama akachota maharagwe kwa mkono wake mwenyewe akayaongeza mfukoni. Mdogo wake, mwenye jengo, alikuwa amesimama kando ya kompyuta. “Yaya, système haijue mbakisa,” alilalamika. Kwetu yaya ni dada mkubwa, naye alimjibu bila kuinua sauti: “Itajifunza.” Wiki iliyofuata kila mizani dukani ilikuwa na kikombe kando yake, na kila aliyepimiwa aliongezewa kidogo. Hadi leo ni hivyo.

Lililotokea mchana wa siku hiyo lilikuwa zito zaidi. Wanawake wapatao ishirini walifika kutoka sokoni, wauza mboga, wengine na mabeseni yao kichwani. Hawakupiga kelele. Walisimama barazani wakaziba mlango, na wateja waliokuwa ndani wakaacha kununua. Kiongozi wao alikuwa mwanamke mrefu mwenye kovu shavuni. Ndiye yuleyule aliyenipa habari Alhamisi, ingawa siku ile ya barazani nilikuwa simjui bado.

“Yaya,” alimwambia mwenye duka, “sisi tunatoa mboga ku njia ya Bengamisa. Tunaamuka saa kumi, tunabeba na kichwa, tunafika hapa jua imeshakuwa kali. Weye umeweka frigo, umeweka lumière, taa kila pahali, batu ya bureau yote inaingia kwako. Batoto yetu watakula nini?”

Mdogo wa mama alishika simu kuita polisi. Nilimwona mama akiuweka mkono wake juu ya simu ile, bila haraka, hadi akaishusha. Kisha akawauliza wale wanawake swali ambalo sikulitarajia: ni nani kati yao anajua kuchagua sombe changa bila kulifungua fungu. Walitazamana. Wote walijua.

“Miye sijue,” alisema. “Miaka yangu yote nilikuwa ku hospitali. Mboga yangu ya ndani ni mubaya, munaiona benyewe. Donc ingieni. Upande ule wa dirisha utakuwa wenu. Bei ya mboga mutasema nyinyi.”

“Na weye utapata nini?” mwanamke mwenye kovu aliuliza. Hakuwa mtu wa kudanganyika kirahisi.

“Mutu akikuja juu ya mboga yenu, atabeba na mukate yangu, na nyama, na sabuni. Ile inanitosha. Miye naomba kitu moja tu: mboga yenye imelala, musiuzishe kesho yake.”

Walijadiliana nje karibu saa nzima, kwa Kiswahili na Kilingala, nami nikikaa na kalamu yangu isiyo na kazi. Wanane walikubali kujaribu. Waliobaki waliondoka na mashaka yao, na sikuwalaumu, maana ahadi za watu wa katikati ya mji tumezisikia nyingi. Baada ya miezi michache upande wa dirisha ulikuwa na wanawake kumi na tisa, wakipokezana siku. Waliokuwa wakifika jua kali walipewa chumba cha nyuma chenye maji ya bomba, wakaosha mboga humo na kupumzisha miguu kabla ya kuanza kuuza. Niliandika safu ya pili nikaeleza niliyoyaona, na nikakiri kwamba ile ya kwanza niliiandika nikiwa nimekaa ofisini. Hakuna aliyenipongeza kwa kuchekesha. Yeye alinitumia nanasi.

Jambo lingine ninalomkumbukia lilitokea siku mbili kabla ya Noeli, mwaka uliofuata. Umeme ulikatika alfajiri, na jenereta, ambayo haikuwahi kusumbua, ikakataa kuwaka. Fundi alifika mchana. Chumba cha baridi kilikuwa kimejaa kuku na samaki wa barafu walioletwa kwa ajili ya sikukuu, na nje watu walikuwa wamejipanga hadi kwenye jengo la jirani, mke wangu na mimi tukiwa kati yao. Ni lazima mjue kwamba hospitali mama huyu alikuwa mtunza frigo ya chanjo. Kazi yake ilikuwa kusoma kipimajoto asubuhi, mchana na jioni, na kukataa kutoa chanjo iliyopata joto, hata mkubwa wake amwamuru. Dukani aliweka vipimajoto viwili katika chumba kile, kwa sababu, alisema, kimoja kinaweza kusema uongo.

Alitoka barazani akatuambia kwamba samaki na kuku hawatauzwa. Watu walinung'unika. Mwanamume mmoja aliingia hadi mlango wa baridi, akamnusa samaki, akasema, “Mama, haijaoza hii. Tuuzie tu, tutapika leo leo.” Mdogo wa mama alimsihi pia, na uso wake ulikuwa umekwajuka, maana nusu ya mtaji wa msimu ilikuwa mle ndani. Mama aliwasikiliza wote wawili hadi mwisho.

“Pua yako ni muzuri,” alimwambia yule mwanamume. “Lakini ile inaua mutoto, pua haiisikie.”

Aliagiza shimo lichimbwe nyuma ya jengo. Samaki wote na kuku wote walitupwa humo, wakamwagiwa mafuta ya taa ili asije mtu akawafukua. Alisimama pale mwenyewe hadi udongo ukarudishwa. Nilimwona akijifuta macho kwa ncha ya mtandio, na sijui kama ni moshi wa jenereta iliyokuwa imeanza kuwaka, au ni kitu kingine. Noeli hiyo tulikula lituma, ndizi zetu za kuponda, na sombe, na mdogo wake hakuongea naye hadi mwaka mpya. Mji mzima ulimsema. Wengine walimwita mwenye kiburi, kwamba anafukia chakula katika nchi ya watu wenye njaa. Neno hilo lilimuumiza, aliniambia baadaye; ndilo pekee nililowahi kumsikia akilalamikia. Lakini Januari ilipofika wateja walirudi, wakaja na wengine, na nikaanza kuona jambo ambalo sikuwahi kuliona katika mji huu. Mtu alikuwa akinunua samaki pale bila kumfungua mashavu kutazama rangi, bila kunusa, bila kuuliza amelala siku ngapi. Alionyesha tu kwa kidole na kungoja afungiwe.

Nimefikiri sana juu ya kidole hicho. Sisi tuliopita miaka ile migumu tulijifunza kunusa kila kitu: chakula, dawa, karatasi, maneno ya wakubwa. Kunusa kulituokoa, sitaki kukudharau. Lakini kunachosha, na mtu anayenusa kila kitu hana muda wa kufanya lingine. Alichotupa mama huyu, pamoja na mikate na sabuni, ni mahali pamoja mjini ambapo mtu angeweza kupumzisha pua yake. Hakukipata kwa rangi ya ukuta wala kwa kompyuta. Alikipata kwa kupoteza kitu mbele ya macho yetu, siku ambayo angeweza kutuuzia bila kutuficha chochote na bado tungenunua.

Duka lilifunguliwa tena Jumatatu. Mdogo wa mama sasa ndiye anayesoma vile vipimajoto viwili. Nilimwona akiinama kuviangalia, kimoja, kisha cha pili, akaandika katika daftari, na nilipompa pole alinijibu kwamba dada yake alimfundisha kwa ukali, na kwamba anashukuru. Yule mwanamke mwenye kovu ndiye msimamizi wa upande wa dirisha. Alinifungia matembele yangu, macho yake bado mekundu.

Kote Makiso bado wanajenga. Kila wiki ninaona jengo jingine limewekewa kiunzi, na naambiwa mengine ya namna ya duka hili yatafuata, makubwa kuliko lake. Ni habari njema na ninazifurahia. Kwa wenye majengo hayo nina neno moja, nililojifunza kwenye kiti cha plastiki. Kabla hamjachagua marumaru na taa, nendeni njia ya Bengamisa asubuhi na mapema, msimame kando, mwaulize wanawake wanaoingia mjini na mabeseni kichwani wangependa kukaa wapi. Kisha jengeni kuanzia hapo.